Somo: Kupaka upya rangi gitaa la umeme nyumbani

Wakuu, wengi huanza kazi hii kwa kukwangua rangi yote hadi mbao. Kwa magitaa mengi ya kisasa huko ni kujitesa bure. Rangi ya kiwandani ni poliesta, ngumu na nene, na kama haijabanduka hupati msingi bora zaidi yake dukani. Iparuze tu ipoteze mng'ao. Kukwangua muachie anayetaka mistari ya mbao ionekane.

1. Fungua kila kitu, shingo nayo. Piga picha ya nyaya kabla hujagusa solda.

2. Msasa namba 320, kisha 400. Palipobonyea jaza puti ya magari, halafu sawazisha kwa msasa uliozungushwa kwenye kibao. Vidole huacha mabonde ambayo utayaona siku ya kung'arisha, ukiwa umeshachelewa.

3. Ziba kwa tepu pale shingo inapokaa. Rangi ikiingia humo shingo haitakaa vizuri, na ukilazimisha, rangi inapasuka pembeni.

4. Praima, kisha rangi ya NC (nitroselulosi, inayokauka haraka). Nenda duka la rangi za magari wakuchanganyie. Fender wenyewe, watengenezaji wa magitaa, walitumia rangi za magari za DuPont. Ile Fiesta Red yao ilikuwa rangi ya Ford. Pulizia mikono (tabaka) myembamba, na kila mmoja uache ukauke. Fanyia nje, mbali na jiko, kwa sababu mvuke wa tina (thinner) unashika moto. Vaa barakoa yenye chujio la kemikali. Klia (tabaka angavu la juu) ya kuchanganya na hadna (kigumishi) waachie gereji: ina isosianati, inaharibu mapafu.

5. Klia ya NC mikono sita hadi minane, kisha litundike wiki tatu au nne. Linuse. Likinuka tina, bado.

6. Msasa wa maji 1000, 1500, 2000, na tone la sabuni ya vyombo. Matundu ya skrubu yazibe kwa vijiti vya meno: maji yakiingia, mbao inavimba na klia inapasuka kuzunguka tundu. Pembeni pitisha mkono mwepesi sana, huko ndiko watu hutoboa hadi rangi ya chini. Malizia na kompaundi ya kung'arishia na kitambaa cha pamba.

MASWALI

– Mkuu, niko Tanga, klia imegeuka nyeupe kama maziwa.

Unyevu huo. Tina ikiruka haraka inapoza uso, na unyevu wa hewa unanaswa ndani. Usikwangue. Subiri siku kavu, pulizia ukungu mwembamba wa tina inayokauka taratibu, weupe utaondoka. Masika kwa pwani mimi sipulizii kabisa.

– Langu lilishapakwa rangi ya mafuta kwa brashi. NC itashika?

Itakunjamana yote. Hiyo ndiyo ya kukwangua.

– Sauti ya solo haitabadilika?

Kwenye gitaa la umeme pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) ndizo zinazosema. Piga rangi uitakayo.

– Nimelifunga, linavuma, na nikishika nyuzi halinyamazi kama zamani.

Kuna waya wa athi (earth) unaoingia chini ya daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye bodi. Ulipakwa rangi pamoja na bodi. Fungua daraja, kwangua ncha yake hadi shaba ing'ae, urudishe.