Jinsi ya kuandika andiko la utafiti la kushawishi ukiwa sekondari, tukitumia mfano wa kuni na gesi jikoni shuleni

Wadogo zangu wa fomu faivu na siksi, na nyie wa fomu foo mliopewa kazi kama hii, nasahihisha haya maandiko kila muhula na shida ninayokutana nayo zaidi ni hii: mtu anajaza kurasa sita, namaliza kusoma, sijui alitaka nani afanye nini. "Faida na hasara za gesi." "Umuhimu wa kutunza mazingira." Sawa, nani anabisha? Kama hakuna anayebisha basi hujamshawishi mtu, umetoa ripoti tu. Twende na mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, jiko la shule ya bweni linalopikia kuni, kwa sababu jikoni mnapita kila siku na nusu ya ushahidi iko pale pale.

Hatua ya 1: Mtafute anayekukatalia

Kabla hujaandika kichwa cha habari, chagua mtu mmoja mwenye uwezo wa kusema ndiyo au hapana, na ambaye leo ukimuuliza atasema hapana. Kwa mfano wetu mtu huyo ni mhasibu wa shule, yeye ndo anamlipa mwenye lori la kuni. Mwandikie yeye, mwalimu wako atasoma pembeni na maksi atakupa. Ukishamjua msomaji, vitu vingi vinaanguka vyenyewe, utagundua aya nzima ya "misitu ni uhai" haimsaidii kitu, anachotaka kujua ni bei, nani anafunga mitungi, na gesi ikikata saa nne asubuhi maharage yakiwa nusu itakuwaje.

Hatua ya 2: Toka kwenye mada uingie kwenye dai

"Nishati ya kupikia" ni mada. "Shule ziache kuni" linafanana na dai lakini limechelewa, maana serikali ya Tanzania ilishaelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na tarehe ya kwanza iliyowekwa ilikuwa Januari 2024. Sasa wewe unakuja kumshawishi mhasibu akubali kitu ambacho ameshaelekezwa? Ubishi umehama, siku hizi uko kwenye shule ihamie nini, lini, na pesa itoke wapi. Hii ndo sababu nawaambia someni kidogo kabla ya kushikilia dai, mtu anapenda sentensi yake ya kwanza mpaka anakataa kuona kwamba mjadala ulishampita.

Dai la kuanzia liwe hivi: "Shule yetu ihamie gesi kwa mapishi yote ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu ni nafuu kuliko kuni." Kuna nani, kuna nini, kuna lini, kuna kwa nini. Liseme bwenini usiku kabla ya taa kuzimwa. Wakikubali wote, ni jepesi mno. Wakiuliza "unamaanisha nini?" bado pana. Wakianza kubishana, lala, kesho kuna kazi.

Halafu liandike kwa penseli. Utaona mbele.

Hatua ya 3: Anza na upande wa pili

Wengi wanakusanya yanayowaunga mkono, af mwishoni wanatupia sentensi mbili za "wapo wanaosema gesi ni ghali ila hawako sahihi". Mhasibu akifika hapo anafunga karatasi. Mimi nawataka muanze na upinzani, na muuchukue kwa nguvu zake zote, mpaka mpinzani akisoma aseme ee, hicho ndo ninachosema.

Nenda jikoni. Usiende na daftari mkononi kama afisa ukaguzi, amkia wakubwa, shikamoo mama, shikamoo baba, kaa chini, saidia kuchambua maharage, ndo uulize. Wapishi watakwambia vitu ambavyo hakuna tovuti itakwambia: kwamba ugali wa watu mia sita unasongwa kwa nguvu za mwili mzima na sufuria ikiwa juu ya jiko lisilotulia mtu anaungua, kwamba kuni zikipungua stoo unaziona, ila mtungi wa gesi haukuambii kitu mpaka moto uzime. Hizo ni hoja pinzani za kweli na zinatoka kwa anayepika. Ziandike zilivyosemwa, na uombe ruhusa kabla ya kuzitumia, jina huhitaji, "mpishi wa shule" inatosha.

Na upinzani mkubwa kuliko wote ni jiko banifu. Mtu atakuuliza, kwa nini tusiboreshe jiko la kuni badala ya kuhama? Swali zuri hilo, lipeleke hatua ya tano.

Hatua ya 4: Ushahidi, na jinsi ya kuushika

Gawa daftari lako mara tatu. Sehemu ya kwanza uliyoyapima mwenyewe: omba mizani ya stoo, pima kuni zinazoingia jikoni asubuhi na zilizobaki jioni, fanya hivo siku kadhaa ikiwemo siku ya maharage na siku ya wali, maana siku moja haisemi ukweli. Andika na kama kuni zilikuwa mbichi au kavu. Sehemu ya pili nyaraka: risiti za kuni kama mhasibu atakuonyesha, bei ya gesi kwa wakala wa karibu, Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034. Ya tatu ni maneno ya watu.

Hapa kwenye nyaraka ndo naona maajabu. Mkakati ule unasema lengo ni asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mwanafunzi anaandika "asilimia 80 ya Watanzania wanatumia nishati safi". Hapana jamani! Lengo ni lengo. Au anachukua takwimu ya Shirika la Afya Duniani kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 mwaka 2020, anaiweka kwenye jiko la shule yake kama ilivyo. Namba ni ya kweli, ila ni ya dunia nzima, ni ya majumbani, na ndani yake kuna kuni, mkaa, mafuta ya taa, mpaka kinyesi cha mifugo. Itumie kuonyesha kwamba moshi si jambo la kukohoa tu, usiitumie kusema wapishi wenu wanakufa. Kila namba unayoichukua andika pembeni mambo matatu: ya nani, ya wapi, ya mwaka gani. Ikikosa moja, iache.

Na hizi AI, nisikilizeni. Iulize ikueleze kitu usichokielewa, haina shida. Ila ukiiambia ikupe takwimu na vyanzo inaweza kukutungia kitabu ambacho hakijawahi kuchapwa, jina la mwandishi limenyooka kabisa. Chanzo usichokifungua kwa macho yako hakiingii kwenye andiko.

Hatua ya 5: Piga hesabu, kisha urudi kwenye dai

Hii ndo sehemu ninayoipenda, na wengi wanairuka wakisema eti wao ni wa kombi za sanaa. Ni kuzidisha na kugawanya tu.

Kilo moja ya gesi ya kupikia ina nishati kama megajuli 46, kilo ya kuni kavu kama 16. Ila sio yote inafika kwenye sufuria. Moto wa mafiga matatu unafikisha kama asilimia 15, jiko banifu zuri kama 30, jiko la gesi tuseme 55. Kwa hiyo kilo ya kuni kwenye mafiga inakupa megajuli 2.4 zinazopika kweli, kwenye jiko banifu 4.8, na kilo ya gesi inakupa 25 hivi. Yaani kilo moja ya gesi inafanya kazi ya karibu kilo 10 za kuni za mafiga, au kilo 5 za jiko banifu.

Tuseme umepima jikoni kwenye mafiga ukapata kilo 300 za kuni kwa siku. Jiko banifu lingekula kama nusu yake, kilo 150, na hapo ndo unalijibu lile swali la hatua ya tatu, kwa kulinganisha bei ya kilo 150 za kuni na ya gesi. Kwa gesi ni kama kilo 30, chini kidogo ya mtungi mmoja wa kilo 38, kila siku. Weka bei ya kwenu hapo uzidishe kwa siku za muhula. Kuna shule gesi itakuwa nafuu, kuna shule za pembezoni, kuni zinatoka kijiji cha jirani kwa bei ya kutupa, dai lako la "ni nafuu" litakufia mkononi.

Likifa, liache lizikwe. Ndo maana uliandika kwa penseli. Rudi hatua ya pili ulikate upya kufuata ulichokikuta, kwa mfano: "Shule yetu ianze na gesi kwa chai, uji na mboga, na mkaa mbadala (usiotokana na kukata miti) kwa maharage na makande, ndani ya mwaka mmoja." Dogo kuliko la kwanza, ila linasimama, na mhasibu anaweza kulikubali bila kuuza basi la shule. Ongeza na kuloweka maharage usiku, bure kabisa na inapunguza muda wa kupika. Hata hilo pendekezo jipya lina mpinzani wake, mkaa mbadala mwingine unatengenezwa kwa makaa ya mawe, kama ule wa STAMICO (Shirika la Madini la Taifa), kwa hiyo mtu atauliza usafi wake uko wapi. Jibu uwe nalo.

Hatua ya 6: Ramani ya ukurasa mmoja

Karatasi moja, dai juu. Chini yake hoja tatu au nne, kila hoja sentensi moja, pembeni namba ya ukurasa wa daftari ulipo ushahidi. Hoja isiyo na ushahidi iondoe hata kama unaipenda. Mpangilio: anza na kinachomuuma msomaji, kwa mhasibu ni gharama, fuata usalama na afya ya wapishi, kisha utekelezaji. Hoja pinzani usiirundike mwisho, ijibu pale pale inapozaliwa, ya bei kwenye bei, ya mtungi kuzima kwenye utekelezaji (mtungi wa akiba na mtu mmoja wa kuandika tarehe ya kufungua, imeisha).

Hatua ya 7: Kuandika

Andika katikati kwanza, utangulizi mwisho, maana huwezi kumtambulisha mgeni ambaye hajafika. Kila aya hoja moja: unasema nini, ushahidi gani, unamhusu vipi msomaji. Hiyo ya tatu ndo inasahaulika, mtu anamwaga namba anahamia aya nyingine. Pale ambapo huna uhakika punguza sauti, "kwa siku tulizopima" ni maneno mazuri sana na hayakuondolei maksi. "Kama tunavyojua sote" futa, futa na "tangu enzi na enzi".

Hatua ya 8: Kabla ya kukabidhi

Mpe rafiki mbishi asome akiwa na kalamu nyekundu, kazi yake moja tu, aweke alama kila anapotaka kuuliza "nani kasema?". Hapo ndo panahitaji chanzo. Rejea fuata mtindo ambao mwalimu wenu kaagiza, usichanganye miwili. Kisha printi nakala mbili, moja kwa mwalimu na nyingine mpelekee mhasibu ofisini, akikuuliza kitu ambacho andiko halijajibu kiandike nyuma ya karatasi, siku ya kuwasilisha darasani kuna mtu atakiuliza tena.