Kuzidisha kwa bao na komwe

Mtoto anayeelewa kwa macho hashiki "saba mara nane" kwa kukaririshwa. Mwonyeshe. Hapa Lamu mimi hutumia bao la kete, maana halikosekani mtaani: mistari minne, kila mstari mashimo manane.

Tia komwe, zile mbegu zinazotumika kama kete za bao, moja moja kwenye mstari wa kwanza. Nane. Wa pili, 16. Wa tatu, 24. Wa nne, 32. Usimharakishe, mwache apitishe kidole na ataje jumla mwenyewe. (Yale mashimo mawili ya mraba, nyumba, yahesabu kama mengine, lazima ataulizia.)

Sasa lizungushe bao hapo hapo chini, urefu wake umwelekee. Mistari imekuwa minane ya mashimo manne, na komwe ni zile zile. Hapa ndipo ninapopapenda zaidi: akiona kwamba 4 × 8 na 8 × 4 ni kitu kimoja, mzigo wa kukariri unapungua karibu nusu.

7 × 8 huwatesa wengi. Mashimo hayatoshi, basi panga komwe juu ya jamvi, mistari saba ya nane nane, kisha laza kijiti baada ya mstari wa tano. Juu 40, chini 16, jumla 56. Kete za bao ni 64, kwa hiyo zimebaki nane: akizipanga chini, amepata 8 × 8.

Baadaye achore vitone kwenye daftari la miraba, rangi mbili pale kijiti kilipolala. Maswali ya haraka haraka yangoje mpaka aweze kufumba macho na kukueleza mistari imekaaje.