Kikundi chenu kimealikwa Ujerumani? Soma hii kabla hamjaanza kugombania nafasi

Watu wakisikia kikundi kimealikwa Ulaya swali la kwanza ni viza. Mi nakwambia viza ni ya pili, ya kwanza ni majina. Siku barua ya mwaliko inatua kila mtu ghafla anakuwa mpiga ngoma, binamu wa katibu, mtoto wa mwenye nyumba mnapofanyia mazoezi, jamaa ambaye kwa mwaka mzima kaonekana mara mbili na zote mbili alikuja kula. Hapo ndo safari inafia au inapona.

Sisi tulikuwa 8, kikundi cha ngoma cha hapa Dar, tukaenda Hamburg siku 12 mwezi wa kumi. Dar na Hamburg ni miji rafiki tangu 2010 kwa hiyo kule kuna watu wameshazoea kupokea Watanzania. Na sio Dar tu, Mwanza ina Würzburg tangu 1966, Tanga ina Eckernförde, Moshi ina Tübingen, so kama uko mkoani usijione uko mbali na haya mambo, ulizia halmashauri, ulizia shule na makanisa yenye urafiki na kule, mialiko mingi inapita humo humo kimya kimya.

Turudi kwenye majina. Chagua watu kwa kujiuliza swali moja tu, huyu atarudi? Najua linakera, ila wote tunajua habari za kuzamia na kujilipua, yaani mtu kubaki kule kinyemela au kuomba ukimbizi, na mtu akizamia yeye kaondoka na yake lakini mwenyeji aliyesaini dhamana anabaki na msala, na kikundi kitakachoomba mwaka kesho kinakuta mlango umefungwa hata kama hakihusiki. Sisi tulikaa kikao, tukasema wazi mbele ya wote, kila mtu akaja na mzazi au mwenza wake akasikia. Wawili wakajitoa wenyewe wiki ile ile. Hatukuwauliza sababu.

Orodha ikishakaa sawa ndo mnahangaika na karatasi. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, na msisubiri mwaliko ndo muanze kuiomba. Kwa viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki na angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka kule, na kurasa 2 ziwe wazi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, jibu kwa kawaida ni siku 15 ila likivutwa linaweza kufika 45, kwa hiyo anayekwambia "tutapeleka mwezi mmoja kabla inatosha" muulize hizo siku 45 ataziweka wapi. Na kupata tarehe ya miadi kwenyewe ni foleni nyingine. Sisi tulianza miezi minne kabla na bado wa mwisho alipata pasipoti yake mkononi zikiwa zimebaki siku tisa.

Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, ila hapa wengi wanalipa wakati hawakutakiwa kulipa. Kanuni ya viza inasema mtu wa miaka 25 kushuka, anayewakilisha asasi isiyo ya faida, akienda kwenye tukio la utamaduni, michezo, elimu au semina lililoandaliwa na asasi isiyo ya faida, halipi ada. Kwetu watu 4 walikuwa chini ya 25. Piga hesabu, yuro 360 zimebaki mfukoni. Ila lazima barua ziseme hivyo waziwazi, barua yenu ionyeshe kikundi kimesajiliwa na huyu ni mwanachama, na barua ya wenyeji ionyeshe wao ni asasi ya aina gani na tukio ni lipi. Wenyeji wakiandika "tunawaalika marafiki zetu kututembelea" mmekwisha, hiyo ni barua ya shangazi.

Kama wenyeji ndo wanabeba gharama, waende ofisi ya wageni ya mji wao wakasaini karatasi ya dhamana, Kijerumani wanaiita Verpflichtungserklärung, jifunzeni tu kulitamka maana mtalisikia sana. Bima ya safari iwe ya kuanzia yuro 30,000. Alama za vidole kila mtu anatoa mwenyewe, ila aliyetoa kwa viza ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita anaweza asitoe tena. Na kama kuna mtoto chini ya miaka 18 mnaenda naye, cheti cha kuzaliwa na ridhaa ya wazazi wote wawili, hata kama baba hajaonekana tangu enzi, lianzeni hilo mapema kuliko yote.

Huku nyumbani kuna BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kikundi cha sanaa kikienda kufanya onyesho nje kinahitaji kibali chao, na kwa wa Zanzibar kuna baraza lao. Msiruke hii mkadhani ni ya mastaa tu. Ombeni pia kukabidhiwa bendera, wengine wanaona ni mbwembwe za kupiga picha lakini ile picha ya afisa utamaduni anawakabidhi bendera mkiiweka kwenye faili la maombi inaeleza mambo ambayo barua tatu haziwezi kueleza.

Sasa mizigo, hapa ntakaa kidogo maana hakuna aliyetuambia. Kama mna ngoma, kagua ngozi zake. Ya ng'ombe au mbuzi iwe kavu kabisa, haina nywele, haina harufu. Kama kuna ngoma ndogo imewambwa ngozi ya kenge iacheni nyumbani, kenge yuko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda wanyama na mimea iliyo hatarini, pamoja na magamba ya kasa, meno ya tembo, na kipande cha ngozi ya chui ambacho babu yake mtu alikuwa anafunga kiunoni. Hata kama ni cha mwaka 1950, kule forodhani babu yako hawamjui. Mpingo na wenyewe uko kwenye orodha hiyo, ila ala ya muziki iliyokamilika inapita, na vinyago vinapita kama mti wenyewe hauzidi kilo 10 kwa mzigo mmoja. Zawadi za vinyago basi msirundike kwenye begi moja.

Chakula, nyama na maziwa hairuhusiwi kabisa kuingia nayo Ulaya, hata nyama kavu ya mama, hata samli. Samaki ruksa hadi kilo 20 kwa mtu, dagaa wakapita vizuri tu. Matunda yanayoingia bila cheti cha afya ya mimea ni matano, nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Sijui nani kule Brussels alikuwa na mapenzi na doriani, ila ukipanda nalo kwenye ndege hiyo ni kesi yako na abiria wenzako.

Tulivyofika, shida ya kwanza ikawa saa. Mwenyeji wetu mmoja kasoma Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Hamburg, anakiongea vizuri kuliko baadhi yetu, akatuma kwenye grupu la wasapu "mazoezi saa kumi asubuhi". Yeye kichwani ana 10:00. Mzee wetu wa zumari anaishi kwa saa za Kiswahili, saa kumi asubuhi kwake ni alfajiri ile kabla ya adhana. Basi mama mwenye nyumba anaamka kwenda chooni anakuta taa ya jikoni inawaka, mzee kakaa kwenye kiti, koti limefungwa vifungo vyote, kofia kichwani, zumari magotini, anasubiri gari. Hawaelewani lugha. Akamchemshia chai wakakaa pamoja mpaka kukakucha. Kuanzia siku hiyo muda wote tuliandika kwa tarakimu, 10:00, 19:30, bila neno saa. Na kama mnakwenda mwezi wa kumi kumbukeni Jumapili ya mwisho saa zao zinarudishwa nyuma, mnaachana na Dar kwa masaa mawili badala ya moja, simu za nyumbani zinaanza kuingia katikati ya onyesho.

Shida ya pili, ngoma zenyewe. Huku kwetu ngoma ikilegea unawasha makuti au unaianika juani, dakika chache inalia. Hamburg mwezi wa kumi jua la kuanika hakuna, mvua rasharasha kutwa, na ukumbini ukiwasha hata karatasi king'ora cha moshi kinaamsha zimamoto wa mji mzima. Vumi letu, ile ngoma ya sauti nzito, lilikuwa linatoa sauti kama unapiga godoro. Tulikuwa na dakika 40 kabla ya kupanda jukwaani. Dada mmoja wa kwetu, anasuka nywele huku Temeke, ndo akasema jamani si kuna drayer. Akaomba ya wenyeji, akapiga magoti, akaipitisha kwa kuzungusha, kutoka pembeni kwenda katikati, mkono mwingine unagonga kidogo kidogo anasikiliza, kama anavyokausha nywele za mteja asiungue sikio. Msondo ukaamka, chapuo ikaamka, vumi likachukua dakika kumi na tano peke yake. So andikeni kwenye orodha ya vifaa, drayer moja yenye plagi ya kule, maana plagi zetu za miguu mitatu haziingii. Alafu msiache ngoma karibu na hita usiku, hewa ile inakausha kupita kiasi, ngozi moja ilipasuka tukiwa tumelala.

Kuishi kwenye familia za watu kuna mambo yake. Kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa ukimya, na Jumapili kutwa nzima ni ukimya na maduka yamefungwa, kwa hiyo hakuna kupasha mdundiko sebuleni, na vitu vya Jumapili mnanunua Jumamosi. Chupa za plastiki na makopo msitupe, mengi ukirudisha kwenye mashine ya supamaketi unapewa senti 25 kila moja, vijana wetu walivyojua hilo chupa zikawa haziguswi na mtu mwingine. Kwenye treni hakuna geti la kukuzuia, unaingia tu, mtu anadhani ni bure, mkaguzi akitokea ni faini ya yuro 60. Ulizieni tiketi ya siku ya kundi, inaokoa hela nyingi kuliko kila mtu na yake.

Salamu pia mzielewe. Kijana wa miaka 19 atamwita mzee wenu kwa jina lake la kwanza na kumpa mkono huku anamwangalia machoni. Hajamdharau, ndo heshima yao. Sisi tuliwafundisha "shikamoo" siku ya kwanza na walivyoona mzee anavyong'aa usoni akiitikia "marahaba" wakawa wanamwamkia kila wakikutana naye kwenye korido, hata mara sita kwa siku. Kiongozi aongee haya kabla, na pande zote mbili, asisubiri mtu akasirike.

Jambo moja ambalo vikundi vingi haviandai ni maswali ya historia. Mnadhani mmeenda kucheza ngoma, baada ya onyesho mtu anasimama anauliza mnaionaje Maji Maji. Rais wao Steinmeier alikuja Songea Novemba 2023 akaomba msamaha, kwa hiyo wanaofuatilia wanajua na wanataka kusikia mnasemaje. Pale pale Hamburg, mtaa wa Jenfeld, kuna sanamu za ukutani za askari wa enzi za mkoloni, eneo linaitwa Tansania-Park, walitupeleka. Sisi tulikaa kimya kwa aibu, nusu yetu hatujui Maji Maji ilianza mwaka gani. Ilianza 1905. Kaeni jioni mbili kabla ya safari mkakumbushane, chagueni mtu mmoja au wawili wa kuongea, na mmoja awe wa kike maana wanaume wa kwetu tukipewa maiki hatuirudishi.

Mwisho hela, na hapa ndo watu wanarudi hawasalimiani. Kubalianeni kwa maandishi mkiwa bado Dar: posho ni kiasi gani, ya mzee na ya kijana ni sawa au la, hela ya kofia ikipitishwa ukumbini inaenda wapi, CD na khanga mlizobeba kuuza faida ni ya nani. Sisi posho ilikuwa yuro 15 kwa siku kwa wote sawa kwa kuwa chakula na kulala ni kwa wenyeji, na tukatenga yuro 300 za dharura, mmoja anashika bahasha, mwingine anashika daftari, kila jioni picha ya ukurasa inaingia kwenye grupu. Kuna usiku walinicheka kwa kupiga picha risiti ya yuro 2.40. Fungu hilo la dharura ndo lililipa dawa ya jino la kijana mmoja, na tuliporudi ndo likanunua ngozi mpya ya ile ngoma iliyopasuka, tukaiwamba Jumapili uani kwa mzee wa zumari, juani, wote wanane tukiwepo.