Jinsi ya kuujua mwaka wa Corvette C3 kwa kuitazama bodi

Corvette, gari la michezo la Chevrolet, ya kizazi cha tatu, C3, iliuzwa kuanzia 1968 hadi 1982. Miaka yote hiyo chasi ilibaki karibu ile ile. Chevrolet walichokuwa wakikigusagusa ni sura. Ndiyo maana ukijua pa kutazama, gari lenyewe linakutajia umri wake kabla muuzaji hajafungua mdomo.

Hatua ya 1: Anzia nyuma. Wengi hukimbilia boneti. Wewe nenda kwenye bampa la nyuma.

Ukikuta vipande viwili vya kromu, kushoto na kulia, gari ni la 1968 hadi 1973. Ukikuta plastiki laini ya rangi ya bodi inayoteremka kwa mshazari, ni la 1974 au baadaye. Sasa pitisha kidole katikati, kuanzia juu kwenda chini. Ukigusa mshono wa wima, umeipata 1974, kwani mwaka huo pekee plastiki hiyo ilitoka kiwandani ikiwa vipande viwili. Kuanzia 1975 ni kipande kimoja.

Hatua ya 2: Nenda mbele. Kromu mbele na nyuma: 1968 hadi 1972. Plastiki mbele, kromu nyuma: 1973 tu. Mchanganyiko huo uliletwa na sheria ya Marekani. Magari ya 1973 yalitakiwa kuhimili kugonga kwa mbele kwa mwendo wa takriban kilomita 8 kwa saa, lakini nyuma kilomita 4 tu. Mwaka uliofuata nyuma nako kukapandishwa hadi 8, kromu ikaaga. Kwa macho yangu 1973 ndiyo iliyopendeza kuliko zote: pua safi, na mkia bado umekatwa wima.

Hatua ya 3: Tazama ubavu, nyuma ya tairi la mbele. Matundu manne ya wima ni 1968 na 1969. Wavu wa vijumba vya mraba ni 1970 hadi 1972. Tundu moja lililo wazi ni 1973 hadi 1979.

Kutenganisha 1968 na 1969, shika mlango. Ya 1968 ina kitufe cha kubonyeza chini ya mkono wa mlango. Ya 1969 haina. Tena ya 1969 ina neno Stingray ubavuni, na swichi ya funguo imehamia kwenye nguzo ya usukani. Neno hilo lilidumu hadi 1976, kisha 1977 likaondolewa. Lakini usiliamini peke yake, ni kibandiko tu, mtu yeyote anaweza kukigandisha.

Hatua ya 4: Kioo cha nyuma. Hadi 1977 kioo kimesimama wima kati ya nguzo mbili za paa. Kuanzia 1978 ni kioo kikubwa kilichopinda, kinachoteremka hadi mkiani. Gari la paa la kukunja? Basi halizidi 1975.

Hatua ya 5: Kwa zile za mwisho, tafuta spoila, ule ukingo ulioinuka wa kuelekeza upepo. Kuanzia 1980 spoila imefinyangwa pamoja na bampa, mbele na nyuma. Ukiiona imefungwa juu ya bodi kama kipande kilichoongezwa, huenda ni 1978 au 1979. Ya 1982 haikuwa na gia za kawaida, ni otomatiki tupu.

Hatua ya 6: Hakikisha kwa namba. Bodi ni ya faibaglasi, na pua nzima huweza kukatwa na kubandikwa nyingine, hivyo kromu inayong'aa isikuleweshe. Chungulia kupitia kioo cha mbele, upande wa dereva, usome namba ya utambulisho wa gari (VIN), si ile ya usajili. Hadi 1979 tarakimu ya sita ndiyo mwaka (ya 1980 ina herufi A mahali hapo): 3 ni 1973, ila 8 ni 1968 au 1978, na hapo kioo cha nyuma kitakuamulia. Kuanzia 1981 namba ina herufi na tarakimu 17. Hesabu hadi ya kumi. B ni 1981, C ni 1982.