Unataka kwenda shamba la karafuu Pemba? Soma hii kwanza

Wengi wakitaka kuona viungo wanaishia zile spaisi tua za Unguja, unanusishwa majani, unavishwa kofia ya makuti, picha, basi. Sio mbaya, ila kama unataka kuona karafuu inavyofanyiwa kazi panda boti mpaka bandari ya Mkoani au ndege ya Chake Chake, maana karafuu nyingi ya Zanzibar inatoka Pemba.

Kikubwa ni msimu. Ukienda mwezi wa nne utakuta mvua na mikarafuu ya kijani tu. Chumo huanza kama mwezi wa saba hivi, lakini miaka hailingani, kuna mwaka inazaa mpaka matawi yanainama na kuna mwaka inagoma kabisa, kwa hiyo mpigie mwenyeji kabla hujakata tiketi umuulize kama zinachumwa.

Asubuhi wachumaji wako juu. Wewe usipande, hata kama miembe unaijua vizuri, tawi la mkarafuu linakatika kirahisi na watu wanaumia kweli. Omba uoneshwe kishada kilichofika, vichwa vimeanza wekundu ila havijachanua, kikichanua tu thamani imeshuka. Na usiwasimamishe kwa maswali, wengi wanalipwa kwa pishi, yaani kwa kipimo cha karafuu walizochuma.

Ila jamani msiondoke mchana!! Raha yote iko jioni kwenye kuchambua, familia nzima barazani, wakubwa kwa watoto, stori zinakwenda na mikono inakwenda. Unashika kishada unakizungusha juu ya kiganja, karafuu zinadondoka huku makonyo, vile vikonyo vinavyobaki, unayaweka kando, mwanzoni watoto watakuacha mbali sana lakini we endelea, vidole vitanukia mpaka kesho yake. Asubuhi zinaanikwa kwenye majamvi, jua likiwa zuri siku 3 mpaka 5, usikatize juu ya jamvi la mtu. Makonyo nayo hayatupwi, pita kiwanda cha Wawi pale Chake uone yanavyokamuliwa mafuta.

Piga hodi, salimia vizuri, vaa nguo za heshima, na habari ya malipo mmalize mapema na mwenye shamba. Karafuu za kubeba nunua dukani zilizopakiwa na uchukue risiti, usinunue gunia la mtu njiani, karafuu ya mkulima inauzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na serikali haina mchezo na magendo.