“Must not” haina maana ya “si lazima”: kwa ndugu zetu wa Moshi na Arusha wanaofanya kazi ughaibuni

Ukimwambia msimamizi wako wa kazi huko Leeds “You must not help me”, moyoni ukimaanisha “usihangaike, si lazima unisaidie”, yeye amesikia katazo. Amesikia kwamba hutaki mkono wake karibu na kazi yako. Hatakuuliza kwa nini. Atakaa mbali, na wiki ijayo utashangaa mbona amepoa.

Nafundisha Kiingereza hapa Moshi kwa watu wanaojiandaa kusafiri: wauguzi, waongoza watalii, vijana waliopata vyuo. Hili ndilo kosa ambalo wengi wanapanda nalo ndege pale KIA, vyeti vizuri mkononi. Nalitilia mkazo kuliko mengine kwa sababu halijionyeshi. Ukisema “yesterday I go”, Mwingereza anajua umekosea na anakuelewa vilevile. Ukisema “must not” mahali pa “don't have to”, sentensi yako imenyooka kabisa, haina doa la sarufi, na msikilizaji anaifuata kama ilivyo.

Chanzo chake ni Kiswahili chenyewe. Sisi tunasema “si lazima uje”. Ile “si” imekaa juu ya lazima na kuifuta. Lazima haipo tena, ukitaka njoo, usipotaka baki. Mtu aliyefundishwa kwamba “must” ni lazima na “not” ni si, anaziunganisha na kupata “si lazima”. Hesabu inaonekana sawa, lakini “not” hiyo haiigusi lazima. Inakwenda kwenye kitenzi kinachofuata. “You must not come” ni “lazima usije”: lazima iko palepale, tena kali, na kilichokanushwa ni kuja. Kinachofuta lazima kwa Kiingereza ni “don't have to”, au “don't need to”, au “needn't” wanayoitumia zaidi Waingereza. “You don't have to come”: si lazima uje.

Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, sema sentensi yako kwanza kwa Kiswahili. Ikitoka na “si lazima”, “hakuna haja” au “ukipenda”, basi “must” isionekane kabisa. Ikitoka na “usi-”, “marufuku” au “hairuhusiwi”, hapo “must not” ni halali yako.

Walioko Ujerumani wana mtego wao. “Du musst nicht” ya Kijerumani imekaa upande wetu, maana yake si lazima, na wakitaka kukataza wanasema “du darfst nicht”. Aliyezoea hivyo akihamia Manchester anajikuta anarudia kosa lile ambalo Kiswahili peke yake kingetosha kumtia ndani yake.

Sasa nyumba za kulea wazee, maana ndiko wengi walikoanzia kazi Uingereza. Zamu inapopokezana, maelezo yanatolewa haraka, mtu akiwa ameshavaa koti. “You mustn't lift her on your own.” Hapo ni marufuku kumnyanyua peke yako, subiri mwenzako au mashine ya kunyanyulia, hata kama bibi mwenyewe anakusihi. “You don't have to lift her on your own” ni kauli nyingine: unaambiwa msaada upo, usijibebeshe mzigo wote. Au chukua chakula. “He doesn't have to finish his lunch”: usimlazimishe babu kumaliza, akiacha nusu mwache. “He mustn't have anything to eat”: asipewe hata kijiko kimoja, pengine anasubiri upasuaji, pengine kumeza kwake kuna hatari ya chakula kwenda kwenye mapafu. Kitandani utakuta kibao kimeandikwa “Nil by mouth”, yaani asipewe chochote kwa mdomo. Hakina “must” wala “not”, lakini ukali wake ni uleule.

Hapa nawaomba wanafunzi wangu wawe macho sana, kwa sababu malezi yetu yanavuta upande mwingine. Uchagani mgonjwa hubembelezwa ale. Mtori unaletwa, unapozwa, analishwa taratibu, na kumwacha mtu na njaa ni aibu ya nyumba nzima. Ukiwa na moyo huo, halafu sikio lako likapokea “mustn't eat” kama “si lazima ale”, utamlisha kwa upendo na utamdhuru.

Sikio lenyewe nalo linahitaji mazoezi. Katika “mustn't” ile t ya kwanza haitamkwi. Inasikika kama “masnt”, na mtu akisema haraka inabaki “masn”. “Must” nayo ikifuatwa na konsonanti hupoteza t yake: “you must go” inasikika “yu mas go”. Kwa hiyo kati ya amri ya kwenda na katazo la kwenda kuna n moja nyembamba, na wewe uko kwenye simu, kikaango kinalia jikoni. “Don't have to” inakuja imebanwa kuwa “donhafta”. Wamarekani wana la zaidi: “can't” yao haiimalizi t, nayo inakaribiana mno na “can”.

Usikisie. Rudisha maelezo kwa maneno yako, na maswali mawili yanatosha kwa kazi hii: “So I'm not allowed to?” ukihisi ni katazo, na “So it's up to me?” ukihisi ni hiari. Hakuna msimamizi mwenye akili atakayeudhika kwa swali hilo. Nimewaambia wanafunzi walijaribu darasani mpaka likae ulimini, kwa sababu ukiwa umechoka saa kumi na moja alfajiri hutaweza kulitunga upya.

Na wewe unapouliza, epuka “Must I?”. Ni swali linalokuvuta kwenye kosa, kwa kuwa ukijibiwa “No” utamalizia kichwani “you must not”, kumbe anayejibu anamaanisha “you don't have to”. Gawa swali. Unataka kujua kama kuna lazima, uliza “Do I have to?”. Unataka kujua kama kuna ruhusa, uliza “Am I allowed to?”. “No” ya swali la kwanza inakupa hiari, “no” ya swali la pili inakukataza.

Waongoza watalii wanalijua swali hili vizuri. Mgeni anauliza kama ni lazima ameze Diamox, dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko. Ukimjibu “No, you must not”, umemkataza dawa ambayo huenda daktari wake ndiye aliyemwandikia, na safari bado ni ndefu kufika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895. “You don't have to, ask your doctor” ndilo jibu. Lakini ukimwambia “You must not walk fast”, uko sahihi, maana pole pole mlimani ni sharti kweli.

Katazo lina sura nyingi. “You can't park here” si suala la uwezo wa gari lako, ni hairuhusiwi. “May not” kwenye tangazo ni katazo: “Customers may not bring their own food”. Kwenye mazungumzo “I may not come” ni huenda nisije, basi. “Shall not” utaikuta kwenye mkataba wa nyumba, “The tenant shall not sublet”, na uzito wake ni wa “must not”: usimpangishe mtu mwingine chumba chako, hata kama ni binamu yako aliyefika juzi kutoka Sanawari. Mwanafunzi wa shahada Uingereza ataambiwa kwamba wakati wa muhula “must not work more than 20 hours a week”. Hilo ni sharti la viza, si ushauri. Bosi akikuongezea zamu kwa wema, atakayewajibika kwa viza hiyo ni wewe.

Kitabu cha sheria za barabarani cha Uingereza, The Highway Code, kinafaa kusomwa hata na asiyeendesha gari, kwa jinsi kinavyotenganisha mambo haya. Palipoandikwa MUST au MUST NOT kwa herufi kubwa, nyuma yake kuna sheria, na ukivunja umetenda kosa. Simu ya mkononi ukiwa unaendesha iko hapo. Palipoandikwa “should” au “should not” ni maelekezo. Kutoyafuata peke yake hakukupeleki mahakamani, ingawa yanaweza kutumika dhidi yako kesi ikiwepo. Anayefanyia kazi programu za kompyuta atakutana na mpangilio unaofanana katika hati ya kiufundi RFC 2119 ya mwaka 1997.

Katazo lingine limevikwa adabu. “I'd rather you didn't” kutoka kwa mwenye nyumba ni usifanye. “You might want to avoid that” kutoka kwa bosi, mara nyingi ni usifanye pia. Uskoti na kaskazini mwa Uingereza utasikia “You've not to touch that”. Inafanana mno na “you don't have to”, lakini ni usiguse. Marekani nako wana matumizi ambayo hayakatazi kitu: “You must not have seen my email” ni “bila shaka hukuiona barua pepe yangu”. Usianze kujitetea kwamba hukuambiwa usiisome.

Upande wa hiari, lililo zito kuliko yote ni la polisi. Ukikamatwa Uingereza au Wales, askari atakuambia: “You do not have to say anything.” Si lazima useme chochote. Hajakukataza kusema, na hajakuamuru. Anaendelea kukuambia kwamba kunyamaza juu ya jambo utakalolitegemea baadaye mahakamani kunaweza kudhoofisha utetezi wako, na kwamba utakachosema kinaweza kutolewa kuwa ushahidi. Sentensi ya kwanza inakupa uamuzi, za baadaye zinakuonyesha gharama yake kila upande. Kabla ya kuamua, omba mwanasheria. Kituoni ni haki yako, na ni bure. Mkalimani naye mwombe bila haya, hata kama unajua Kiingereza cha kazini.

Usaili wa kazi una mtego wa wakati uliopita. “Must” haina wakati uliopita kwa maana hizi. Muuguzi aliyefanya kazi hapa nyumbani akitaka kusema kwamba cheo chake hakikumruhusu kutoa dawa fulani, aseme “I wasn't allowed to give it”. Akisema “I didn't have to give it”, msaili anaelewa kwamba alikuwa na uwezo na ruhusa, ila hakulazimika, na atamuuliza maswali ambayo hakujiandaa nayo.

Kiswahili nacho kina “hutakiwi”, na hili ni kwa mnaowatafsiria wazazi hospitalini. “Hutakiwi kulipa” ni si lazima ulipe. “Hutakiwi kuwa hapa” ni ondoka. Daktari akisema “You don't have to fast before this test”, ukimwambia mama “hutakiwi kufunga”, hajui kama amekatazwa au ameachiwa. Mwambie “si lazima ukae na njaa, mama, ukitaka kunywa chai kunywa”. Na panapokatazwa mwambie “daktari amekataza”, kwa sauti yenye heshima lakini isiyoyumba.

Mwaliko wa chakula nao: “You don't have to bring anything” haifungi mlango. Kama moyo wako unakataa kwenda mkono mtupu, beba maua au matunda, hakuna atakayeona umevunja agizo. “Please don't bring food” ni kauli nyingine, huenda ndani kuna mtoto mwenye mzio wa karanga.

Mwenzako wa kazini akiamua kuja kuona mlima na wewe ukawa mwandishi wa maelekezo, unaweza kumwandikia hivi: “You must not bring plastic carrier bags into Tanzania. You don't have to throw away the zip bag with your toiletries. You must not leave the trail or go up without a licensed guide. You don't have to bring ropes. You don't have to bring my mother a present, but she will be happy if you do.” Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na vile vifuko vya kuwekea sabuni na dawa ya meno vinaruhusiwa, ila mgeni aondoke navyo.