Nyuzi za mwanga chini ya maji: jinsi ya kuzichora kwa kompyuta

Tazama sakafu ya bwawa jua likiwa utosini: nyuzi za mwanga zinakutana, zinaachana, zinakutana tena. Sisi wachoraji wa kompyuta tunaziita kostiki. Wanaoanza wengi hubandika sakafuni picha iliyochorwa tayari, wakaisogeza kidogokidogo. Kwa mbali inapita. Kwa karibu jicho linakataa, maana wimbi linaenda kulia na nyuzi zinaenda kushoto.

Maji hayaongezi mwanga, yanauhamisha. Kila uzi unaong'aa umewanyang'anya majirani zake, ndiyo maana kando yake pana giza. Tutakachofanya ni kuhesabu huo uhamisho.

Hatua ya 1: uso wa maji. Tengeneza wavu wa pembetatu, 256 kwa 256 unatosha kuanzia, kisha uinue kwa mawimbi manne au matano ya saini (sine, ya hesabu) yenye mielekeo na urefu tofauti.

Hapa usiharakishe. Mgongo wa wimbi ni lenzi inayokusanya mwanga, bonde linautawanya. Jua likiwa wima, kina ambapo mgongo hukusanya mwanga ni takriban 4 / (A × k²): A ni kimo cha wimbi kutoka usawa wa maji, k ni 2π kugawanya kwa urefu wa wimbi. Chukua wimbi la urefu wa nusu mita na kimo cha sentimita 1. k ni kama 12.6, na kina kinatoka mita 2.5. Sakafu ikiwa mita 1 tu chini, wimbi hilohilo litakupa mistari mipana iliyofifia. Mtu anaweza kuhangaika na sheda (programu ndogo inayoendeshwa na kadi ya picha) siku nzima, kumbe kosa liko kwenye mawimbi.

Hatua ya 2: pinda mwanga. Kwa kila kona ya pembetatu, pata nomali (mshale uliosimama wima juu ya uso wa maji mahali hapo) kutokana na mteremko wa fomula yenyewe. Usiikisie kwa kulinganisha kona jirani. Kisha tumia `refract`, amri ya kupinda mwale katika GLSL (lugha ya kuandikia sheda), kwa uwiano wa 1/1.33, yaani 0.75; 1.33 ni kipimo cha jinsi maji yanavyopinda mwanga.

Mimi niliwahi kuandika 1.33 yenyewe. Jua la utosini lilinificha kosa: nyuzi zilitokea, ila chini ya mabonde badala ya migongo, nami sikushtuka. Nilipolishusha jua, sakafu ikatoboka mashimo meusi, kwa kuwa kwa uwiano huo `refract` hurudisha sifuri mwale ukilala sana.

Hatua ya 3: fika sakafuni. Gawanya kina kwa sehemu ya mwale inayoelekea chini, zidisha mwale kwa jibu hilo, jumlisha na mahali ulipoanzia. Basi.

Hatua ya 4: linganisha maeneo. Huu ndio moyo wa kazi:

`mwangaza = eneo_la_juu / eneo_la_chini`

Pembetatu ya sentimita 4 za mraba juu ya maji ikitua kwenye sentimita 1 ya mraba, hapo mwanga ni mara 4. Pembetatu nyingine zitapinduka zikivuka mahali pa mkusanyiko, kwa hiyo chukua thamani chanya ya eneo na uzime kipengele cha kuficha migongo ya pembetatu. Eneo la chini likikaribia sifuri jibu linalipuka, weka kikomo.

Chora pembetatu hizo kwenye tekscha (picha inayohifadhiwa kwenye kadi ya picha) ya biti 16 za desimali, na zinapolaliana zijumlishwe, zisifutane. Baadaye zidisha tekscha hiyo kwa mwanga wa jua pekee. Ukiizidisha na mwanga uliotawanyika wa mazingira, hata penye kivuli patang'aa nyuzi.

Hatua ya 5: lainisha. Jua si nukta, lina upana wa kama nusu digrii angani. Kwenye kina cha mita 2.5 hilo ni ukungu wa sentimita 1.7 hivi kwenye kingo za nyuzi. Ukitaka upinde mwembamba wa rangi, rudia hatua ya 2 mpaka ya 4 kwa 1.331 upande wa nyekundu na 1.339 upande wa bluu. Usiutie chumvi.

Hatua ya 6: pima. Zima mawimbi yote. Sakafu nzima, ukiacha ukingo wa wavu, isome 1 kamili. Yarudishe, uondoe kile kikomo kwa muda, kisha tafuta wastani wa tekscha: ukiwa mbali na 1, kuna mwanga unaoupoteza au unaoubuni, na mara nyingi wa kulaumiwa ni zile pembetatu zilizopinduka.